Pengo Kwenye Ubao wa Huka

Mdomo wangu umeniingiza kwenye mengi, na mengi nimeshayacheka. Lile la mwaka wa sitini na saba sijalicheka mpaka leo. Karibu limuue mtu, na mtu mwenyewe hakuwa adui yangu. Alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta pale Bulla Pesa, Huka, fundi wa vibao, mtu mpole ambaye kuku wangu walikuwa wakiingia kwake kudonoa unga na yeye anawasubiri wamalize.

Watoto wa siku hizi wakiniuliza vita vya shifta vilikuwa nini, nawaambia vilikuwa ni kuogopa. Asubuhi unaogopa, mchana unaogopa, na kafyu ikiingia unaogopa ukiwa umefunga mlango. Uliogopa shifta wa porini, wale waasi wenye bunduki, ukaogopa askari wa barabarani, na ukiwamaliza hao unamwogopa jirani, maana hujui atasema nini juu yako. Sisi Wameru tulioshuka Isiolo kuuza miraa na chai tulikuwa na nafuu kidogo. Nikisimamishwa nikasema naitwa Gaceri, naambiwa, "Pita, mama." Mborana akisimamishwa, jina lake peke yake ni kesi, maana ilisemekana shifta wametoka kwao na kwa Wasomali. Huka alikuwa Mborana.

Alizaliwa upande wa Sericho, akakulia nyuma ya ng'ombe. Ukame wa sitini na moja ukawamaliza wote, ng'ombe arobaini na mmoja, na baba yake akafa wakati huohuo. Alifia wapi na alikufaje, Huka hakusema, na mimi, pamoja na umbea wangu wote, sikuwahi kumuuliza. Akaja Isiolo kwa miguu, akapata kibarua kwenye kituo cha mifugo, kupaka namba kwenye mageti ya maboma. Mkono wake ulikuwa umetulia ajabu. Haikupita miaka miwili, alikuwa anaandika vibao vya mji mzima: hoteli, bucha, fundi cherehani. Kulmiye, Msomali mwenye duka la nguo, alikuwa akisema herufi za Huka zimenyooka kuliko wateja wake.

Angebaki na herufi zake, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini uhuru ulipokuja, mke wa afisa mmoja Mzungu wa mifugo alifunga virago kurudi kwao, na kabla hajaondoka akamwachia Huka sanduku la rangi na kitabu kikubwa cha picha. Kizungu Huka hakujua kusoma. Aliangalia picha tu, na picha zenyewe, jamani! Mraba mwekundu peke yake. Mistari. Uso wa mtu, macho yote mawili upande mmoja. Nilifungua kurasa mbili nikamrudishia. "Hawa Wazungu wako hawakumaliza shule," nilimwambia. Huka alicheka, lakini na kile kitabu alikaa karibu miaka mitatu. Kila akitoka kazini anafungua, anafunika nusu ya picha kwa kiganja, anaangalia, anafunua, anafunika nusu nyingine. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake.

Ndipo akaanza ubao wake mwenyewe. Ilikuwa plaiwudi ya kama nusu mlango, ameipiga msasa mpaka ikawa laini. Siku niliyoiona mara ya kwanza nilikuwa nimeenda kumfukuza kuku. Nikakuta madoa. Madoa mekundu, meusi, ya kijivu, mengine makubwa kama sahani na mengine madogo kama kikombe, na upande mmoja mkanda mrefu wa buluu.

"Huka," nikasema, "umemwaga rangi ama umechora?"

"Ni ng'ombe wetu, Mama Kinanu." Aliniita hivyo kwa jina la binti yangu, kama kila mtu.

"Ng'ombe ana pembe. Ana miguu. Hawa miguu yao imeenda sokoni?"

Hakukasirika. Huka hakuwa mtu wa kukasirika, na hiyo ilinifanya nimchokoze zaidi. "Ng'ombe wako wakirudi jioni, bado wako mbali," akasema, "unaona miguu kwanza? Unaona rangi. Unasema yule ni mwekundu wa mama, yule ni buure, mwenye madoadoa, yule ni dalacha, wa kijivu. Umewajua wote na mguu hujaona hata mmoja. Mimi nachora kile jicho linashika kwanza. Vingine naviacha."

"Kuacha nako ni kazi?"

"Ndiyo kazi. Kuweka, kila mtu anaweza."

Nikamuuliza buluu ni ya nini, kwani ng'ombe wa buluu yuko? Akaweka kiganja chake juu ya ule mkanda, akaufunika. "Angalia sasa." Haki ya Mungu, wale wekundu walilala bapa, wakawa doa tu la rangi. Akatoa mkono, wakasogea mbele tena. "Nyekundu inakuja kwako," akasema. "Buluu inarudi nyuma. Ukiziweka pamoja kunakuwa na mahali pa kutembea katikati."

Niliona kwa macho yangu, lakini nilikuwa nimeshaamua kucheka, na mtu akishaamua kucheka haoni kitu. Alikuwa na misumari minne ukutani, na kila baada ya siku mbili anaugeuza ule ubao, juu inakuwa chini, kulia inakuwa juu, halafu anaendelea kupaka. Nikamwambia hata mlevi anajua kichwa chake kiko upande gani. Akasema picha ikisimama pande zote nne bila kuanguka ndiyo imeiva.

"Na hapa umesahau," nikamwonyesha. Karibu na katikati palikuwa na mahali pa wazi, mbao tupu, pana kama kiti.

"Sijasahau," akasema, akarudi kusafisha brashi kwa tapentaini. Nikajua amekosa jibu.

Basi. Wiki moja baadaye lori la wanajeshi lilikanyaga bomu kwenye barabara ya mashariki. Asubuhi yake wale waliobaki walikuja kunywa chai kwangu, kibandani, kama sita hivi. Wanashika vikombe kwa mikono miwili na kuangalia chini. Mimi nikiogopa huwa nachekesha, ndio ugonjwa wangu. Koplo mmoja akaniuliza taratibu, "Mama, hapa mtaani hakuna mtu anayefanya mambo yasiyoeleweka?"

Nikasema, nikicheka, "Yasiyoeleweka? Nendeni kwa jirani yangu Huka! Amechora ramani ya shifta nzima nyuma ya mlango, madoa madoa, hata yeye mwenyewe akitumwa atapotea!"

Hakuna aliyecheka. Koplo aliweka kikombe chini kikiwa bado na chai. Hapo ndipo nilipolisikia neno langu mwenyewe. "Ni mzaha, afande," nikasema. "Ni mchoro tu wa kipuuzi." Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Walikuwa wameshasimama.

Walimtoa Huka kabla ya saa sita. Wawili walimshika, wawili walibeba ubao. Mtaa mzima ulifunga madirisha. Mimi nilisimama na kijiko cha chai mkononi kama mjinga. Akipita mbele yangu aliniangalia, wala si kwa hasira, akasema, "Mama Kinanu, nifungie mlango, mbuzi wasiingie." Alikuwa hajui ni nani aliyesema. Hilo ndilo lilinimaliza.

Koplo alibaki nyuma. "Wewe ndiye ulisema ramani," akaniambia. "Kesho saa tatu uje useme mbele ya afisa."

Mnaelewa nilipokuwa? Wiki mbili kabla yake mwanamume wa nyumba ya tatu, Tache, alichukuliwa vivyo hivyo, na mkewe Racho alikuwa bado anapeleka uji langoni kambini kila siku na kurudi nao. Nikisema ni ramani, Huka amekwisha. Nikisema si ramani, mimi ni mwongo ninayewaficha shifta, na Kinanu alikuwa na miaka sita, baba yake amekufa. Niliogopa mpaka meno yakawa baridi. Nikafikiria kutoroka nirudi Meru na lori la miraa. Sitasema uongo, nilifunga hata nguo. Halafu asubuhi nikamwacha Kinanu kwa Racho, nikaenda.

Afisa alikuwa kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi. Nyuma yake ramani kubwa ilikuwa imebandikwa ukutani. Ubao wa Huka ulikuwa mezani, na Huka amesimama kando, mdomo umevimba. Aliponiona nikiingia, alielewa ni mdomo wa nani. Niliona akielewa.

"Eleza," afisa akaniambia.

"Bwana mkubwa, nilikuwa natania."

"Watu wangu wanne wamekufa na wewe ulikuwa unatania." Hakupaza sauti. Akaweka kidole kwenye mkanda wa buluu. "Huu ni mto Ewaso Nyiro. Haya meusi ni kambi. Mekundu ni visima. Haya mawili yanaangukia karibu kabisa na mahali ambapo lori liliungua. Nimepima." Akageuka kwa Huka. "Ni nini hii?"

"Ng'ombe," Huka akasema.

Afisa akapiga meza, kalamu zikaruka. "Unanidharau?"

Nikainama juu ya ule ubao. Sikuwa nimewahi kuuangalia kweli, maana huwezi kuangalia kitu ukiwa unakicheka. Sasa niliuangalia kama mtu anayetafuta sindano iliyomwanguka huku mtoto anatambaa. Nikitafuta nini, sijui. Chochote. Na nikaona matone. Brashi ikijaa sana rangi hudondoka, na tone huteremka kidogo kabla halijakauka. Tone la nyekundu lilikuwa limeteremka kuja upande wangu. Jeusi la karibu nalo lilikuwa limeteremka kwenda kwa afisa. Mengine mawili yalikuwa yameenda kulia, na moja kushoto.

"Bwana mkubwa," nikasema, "tone la rangi linaanguka wapi?"

"Chini. Unauliza nini?"

"Basi chini ya huu ubao ni wapi?"

Akainama naye. Nikamwonyesha moja moja. Nikamwonyesha matundu ya msumari kwenye kingo zote nne. "Anaugeuza, bwana mkubwa. Kila siku mbili anaugeuza na kupaka upya. Nimemwona mimi, nikamcheka. Mto hauwezi kuwa juu Jumatatu na Jumatano uwe kando. Mtu akishika ramani hii atoke kwenda Sericho, si atajikuta Nanyuki?"

Koplo mlangoni alitoa sauti ya pua, akaimeza. Afisa akauinua ubao, akausimamisha kando ya ramani ya ukutani. Akaugeuza mara moja. Akaugeuza tena. Kila alivyougeuza, mto wake ulihama, kambi zake zikahama, na bado ule mchoro ulisimama vizuri tu, haukuegemea popote. Huka alikuwa ameniambia hivyo na nikamwita mlevi.

"Kama si ramani ni nini?" Safari hii aliniuliza kama mtu anayetaka kujua.

Na mimi kwa kuona mlango umefunguka kidogo, nikaanza kumfundisha. Uuwi, mdomo wangu! Nikamwambia afunike buluu kwa mkono. Akafunika, akafunua. Nikamwambia yule ni buure, yule ni dalacha, asitafute miguu, aangalie kama mtu anayengoja ng'ombe jioni. Akarudi nyuma hatua mbili. Uso wake ukabadilika.

"Kwetu pia tunafuga," akasema polepole. "Ni kweli. Ni ng'ombe." Akaangalia tena, na sasa aliangalia vizuri, maana nilikuwa nimemwonyesha njia. "Lakini hawa hawalishi. Wamekusanyika. Wote wameelekea hapa." Akaweka kidole kwenye ile mbao tupu. "Hapa pameachwa kwa makusudi. Kuna nini hapa?"

Nikaangalia kidole chake, na nikaona. Kila doa lilikuwa limepakwa zito upande wa nyuma na jepesi upande wa lile pengo, kama kichwa kilichoinamishwa. Nilipokuwa msichana kwetu Tigania ng'ombe mmoja wa mjomba alikufa zizini. Wenzake walikuja wakasimama kumzunguka, wakanusa, wakalia, na hakuna aliyekanyaga pale alipolala. Nilimwangalia Huka. Alikuwa anaangalia lile pengo na machozi yanamtoka bila sauti. Nikajua baba yake alifia wapi.

Na nikajua pia kwamba nikisema, tumekwisha. Nikisema baba yake amelala pale, afisa ataniuliza pale ni wapi. Kama ni kando ya kisima, ataniuliza kisima kipi. Na kisima hicho kikiwa upande huohuo ambako lori liliungua, Huka hatoki. Pengo lile ndilo lilikuwa mahali pekee pa kweli kwenye ule ubao.

Huka akafungua mdomo.

"Rangi ilimwishia!" nikasema kwa sauti kubwa. Nikacheka, kile kicheko changu cha kibandani. "Bwana mkubwa, hapo rangi ilimwisha tu! Nilikuwepo. Aliomba mpaka kwangu, nikamwambia labda apake masizi ya sufuria. Ni fundi wa vibao huyu, anajidai. Ni upuuzi mtupu, hata kuku wangu angechora hivi."

Afisa alimgeukia Huka. "Ni kweli? Rangi iliisha?"

Nilimwangalia Huka nikimwomba kwa macho. Akaliangalia tena lile pengo, na koplo akasogea hatua moja kutoka mlangoni.

"Ndiyo, afande," Huka akasema. "Iliisha."

Afisa akatoa pumzi, akakaa. Nadhani hakuamini kabisa. Nadhani alikuwa amechoka. "Mpeleke nyumbani," akaniambia. "Na hii takataka yako uichukue ukafunikie hao kuku."

Tulitoka. Niliubeba ubao kichwani, rangi ikiangalia chini ili mtu asione. Tulipita sokoni, tukampita Kulmiye aliyejifanya anapima kitambaa, hakuna aliyetusalimu. Nilitaka kumwambia pole, nilitaka kumwambia ni mimi, lakini alikuwa anajua. Tulipofika mlangoni kwake ndipo aliposimama.

"Mama Kinanu," akasema. "Rangi haikuniishia."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Palepale mezani. Kabla sijasema."

Akatikisa kichwa taratibu. "Zamani ulikuwa unacheka bila kuona. Sikuumia, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Leo umeona, halafu ukacheka."

"Niliogopa, Huka! Wangekuua!"

"Na mimi niliogopa," akasema. "Baba yangu alilala hapo kando ya kisima, ng'ombe wakamzunguka kutwa nzima, hawana nguvu, wanakufa wenyewe, na hakuna hata mmoja aliyemkanyaga. Mimi nimesimama leo nikasema ni rangi iliisha." Nilimsogezea ubao. Hakuupokea. Akaingia ndani, akafunga mlango kwa upole, kama alivyofanya kila kitu.

Tulibaki majirani miaka ishirini na miwili zaidi. Aliniandikia kibao cha kibanda changu, hakunilipisha, na kuku wangu waliendelea kula unga wake. Vibao aliandika mpaka macho yakamshinda. Picha hakuchora tena hata moja. Nilimnunulia rangi ya mafuta mwaka wa sabini, makopo matatu, akanishukuru, akazipaka kwenye bucha.

Ubao ninao. Uko ukutani mwangu kwa misumari minne, na ninaugeuza mwenyewe, ingawa mikono sasa inauma. Juzi mke wa mjukuu wangu, Natabo, msichana wa Kiturkana, alisimama mbele yake muda mrefu, akaniuliza kama hapa katikati rangi iliisha.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia hapo amelala baba yake Huka.